Punje Mbili za Ulezi

Watu wa mtaa wa Chanji wanaomkumbuka Mwalimu Dominika wanamkumbuka kwa neno moja, na neno hilo nililitoa mimi. Nalisema hapa mwanzoni ili usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Mimi ni Cornelia, Mama Hellena, niliyekuwa mpishi wa uji katika chekechea yake kwa miaka mitatu. Tulikula sahani moja, tukatumia ndoo moja ya maji, na alipougua jino mimi ndiye niliyempeleka hospitali.

Dominika alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa. Viatu vya kike vya saizi yake havikupatikana Sumbawanga nzima, kwa hiyo alivaa raba za kiume hata kanisani. Ujana wake alikuwa utawani, miaka minne, akilea yatima kwenye nyumba ya masista. Kisha akatoka. Kwetu Ufipa msichana akirudi kutoka utawani haulizwi kitu mbele yake, anaulizwa nyuma yake maisha yake yote. Mimi nilimuuliza mbele, maana sina adabu hiyo. Akaniambia kwamba siku moja saa ya sala alikutwa nyuma ya chumba cha kufulia amekaa chini na watoto tisa, wanalia msiba wa mdoli wa gunia. Watoto wale walikuwa wamezikiwa wazazi bila kuruhusiwa kusogea kaburini, akasema, basi wakaomba wazike kitu. Mkuu wa nyumba akasema huo ni mchezo wa kuita kifo. Dominika akasema kifo kilishakuja, hakikuitwa na mtu. Wiki ile ile akafungasha.

Chekechea yetu ilikuwa katika jengo lililokuwa duka la ushirika. Enzi za foleni, jengo lile lilikuwa na heshima kuliko kanisa. Watu walilala mlangoni kungojea sabuni. Kisha ikaja ruksa, kila mwenye mtaji akafungua duka lake, na la ushirika likafa kwa njaa kama mzee asiye na watoto. Mzee Theodory, aliyekuwa mtunza stoo wake, alibaki na funguo. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akatukabidhi jengo kwa hotuba ndefu. Wakati huo rafu zilikuwa tupu na paa linavuja, na hakuna aliyelitaka.

Dominika hakuwa na vitabu wala ubao. Alikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni kwa wafyatua matofali. Asubuhi watoto waliimba, wakahesabu, wakanywa uji wangu. Baada ya uji walikwenda kwenye pipa. Sheria za udongo zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, hakuna kumuuliza mtoto amefinyanga nini; akitaka kusema atasema. Ya pili, saa tano na nusu kila mmoja anaponda cha kwake kwa mikono yake mwenyewe, udongo unarudi pipani, na hakuna ruhusa ya kuponda cha mwenzio. Mtoto ambaye baba yake alikuwa mlevi alifinyanga baba akamponda kila siku kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili akaanza kufinyanga magari. Dominika alikuwa amekaa pale kwenye kigoda chake anafinyanga vikombe vyake vibaya.

Wazazi walilalamika. Nasi tulikuwa tumeanza kuwa watu wa kisasa. Mtaa wa pili palifunguliwa shule ya mtu binafsi, watoto wanavaa soksi na kusema gudimoningi. Wa kwetu walirudi nyumbani na matope mpaka masikioni. Mama mmoja, Bertha, jirani yangu, aliniambia, "Mwanangu mwaka wa pili huu, anajua kutengeneza ng'ombe. Hata herufi a hajui." Nilicheka naye. Mimi nilikuwa nacheka na kila mtu.

Kija aliletwa mwezi wa Mei, mwaka tisini na mbili. Alikuwa msichana wa miaka mitano. Baba yake, Mayunga, ni Msukuma mfugaji wa kule Mtowisa, bondeni. Mama yake alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili ukagoma. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe ili wampandishe mlima waje hospitali huku juu, na Kija wakampakia pembeni yake kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Gurudumu likavunjika mlimani. Walikaa pale hadi kesho yake, na mama akafa pale, kwenye baridi, juu ya majani, mtoto wake akimtazama. Mayunga akamleta Kija kwa dada yake Debora, mwenye kibanda cha chumvi na viberiti Chanji, akarudi kwa ng'ombe wake.

Tangu mlimani Kija hakuwa amesema neno. Watoto wetu wakamwita Msukuma bubu. Sisi wakubwa tulisema labda hajui Kiswahili. Debora ndiye aliyesema, "Hata Kisukuma hasemi, jamani. Usingizini tu ndiyo anasaga meno." Mkononi alifunga kipande cha kitenge cha mama yake, na hakuna aliyethubutu kukifua.

Siku za kwanza Kija alisimama tu karibu na pipa. Dominika hakumwita. Wiki ya pili akachota udongo akafinyanga ng'ombe, na watoto wetu wote wakaacha shughuli zao kutazama. Ng'ombe wa Kifipa wa watoto wetu walikuwa na miguu minne na basi. Wa Kija alikuwa na nundu, na pembe zilizopinda, na kende. Akafinyanga wanne. Akafinyanga mkokoteni. Saa tano na nusu akaponda vyote na kwenda zake. Kesho akafinyanga vilevile, na kesho kutwa, na gurudumu la mkokoteni wake likivunjika kila siku mahali palepale, upande wa kushoto. Kuna siku aliubamiza mkokoteni ukutani, udongo ukaruka mpaka kwenye sufuria langu la uji. Nikafoka. Dominika akamletea bonge lingine la udongo, kubwa zaidi, akarudi kukaa.

"Mama Hellena," akaniambia tulipokuwa tunaosha vikombe, "yule anaukarabati ule mkokoteni. Usimharakishe."

Mwezi wa Juni, baridi yetu ile ya kupasua midomo, Kija akafinyanga mtu. Mwanamke. Alimfinyanga siku tatu, akimponda na kumrudia, na siku ya nne akaridhika. Akamfunga kile kipande cha kitenge. Akang'oa nywele zake mwenyewe chache akazibandika kichwani pake. Kisha akanyanyuka, akaja kwangu jikoni na mkono wazi. Nilikuwa napepeta ulezi. Alinitazama, akatazama ungo, na mimi nikaelewa. Nikachagua punje mbili nyekundu, nzima, za kulingana, nikaziweka kiganjani mwake. Akaenda akamtia mama yake macho.

Saa tano na nusu watoto wote waliponda. Kija hakuponda. Akambeba yule mama hadi kwa Dominika, na nikasikia sauti ambayo sikuijua, nene kidogo, kama ya mtu aliyeamka.

"Mayu asilale nje. Kuna baridi."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Dominika hakupiga kelele wala kumkumbatia. Akauliza tu, "Alale wapi?"

"Kwako. Chini ya kitanda."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Nalisema hilo pia, liandikwe upande wangu, ingawa halisaidii.

Kuanzia siku hiyo Dominika alivunja sheria yake. Kila mchana alimviringisha yule mama kwenye kitambaa kibichi asipasuke, akamtia ndani ya chungu, akaenda naye nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Kila asubuhi alimrudisha. Kija alimsubiri mlangoni, akafunua kitambaa, akamsabahi. Halafu akaanza kutusabahi na sisi. Kufikia Julai alikuwa anagombana na Hellena wangu juu ya nani atakaa karibu na dirisha, na mtoto anayegombea dirisha amepona, au yu njiani kupona. Debora alileta chumvi pakiti nzima ya shukrani. Dominika alisema kwamba siku moja mtoto atamponda yule mama mwenyewe, bila kuambiwa, na hiyo ndiyo itakuwa siku ya mazishi. Sisi kazi yetu ni kumtunza asipasuke mpaka siku hiyo ifike. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka.

Mwezi wa Agosti Hellena akapata homa. Siku ya pili homa ikapanda, na alfajiri akashikwa na degedege. Kama hujawahi kumshika mtoto wako akiwa hivyo, sitakueleza. Alikakamaa, na macho yakageuka, na mimi mpishi wa uji, niliyetoa punje kwa mkono wangu, nilichoona mbele yangu ni yale macho mawili ya ulezi ndani ya chungu, chini ya kitanda, hatua thelathini kutoka alipolala mwanangu.

Sisi watu wa Sumbawanga tunataniwa nchi nzima kwamba tunasafiri kwa ungo. Tunacheka na wanaotutania, lakini nyumbani tunafunga madirisha mapema. Tangu utotoni tumefundishwa kuogopa sanamu ya udongo yenye nywele za mtu, iliyofichwa chunguni. Tumefundishwa hata kabla ya sala ya Baba Yetu. Nilijua ile ni nini. Nilijua ni ya nani na kwa nini. Kujua kwangu kote hakukunifaa kitu asubuhi ile.

Nilikwenda bombani kuchota maji ya kumkanda mtoto, nikamkuta Bertha. Akauliza hali ya Hellena, nami nikasema, "Mwanangu anakufa, na Mwalimu ana sanamu ya mtoto ina nywele, analala nayo chini ya kitanda."

Hilo ndilo neno lenyewe. Ukiliangalia halina uongo. Ni nusu ya habari. Nusu ya pili, kwamba mtoto ndiye aliyeomba, na kwamba macho niliyatoa mimi, niliibeba nikarudi nayo nyumbani pamoja na ndoo. Hellena alipigwa sindano, homa ikashuka, na siku ya tatu alikuwa anaomba mkate. Ilikuwa malaria. Lakini siku ya tatu neno langu lilikuwa limeshazunguka Chanji yote na limezaa. Sanamu zilikuwa zimekuwa saba, na kila mzazi alikuwa anajua ipi ni ya mwanawe.

Ningeweza kwenda kwa Bertha nikamalizia. Nilifika mlangoni kwake. Akanipokea kwa kunishukuru kwamba nimeokoa watoto wa watu, na nikanywa chai yake.

Mkutano uliitishwa Jumatano, mlemle ndani ya chekechea. Wazazi walijaa hadi nje. Mzee Theodory alikaa kwenye kaunta ya zamani, mahali alipokuwa akipima sukari. Alikuwa mpole kupita kiasi. Baadaye nilijua kwamba tangu Juni alikuwa ameshazungumza na dereva wa lori la Tunduma juu ya mzigo wa bidhaa, akikosa mahali pa kuuweka.

"Mwalimu," alisema, "kuna maneno. Mimi siyaamini. Lakini wazazi wanataka kusikia kwako."

Dominika alikuja na chungu chenyewe. Akatoa kitambaa, akafunua. Wanawake waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakakanyagana.

"Ni nani huyo?" Theodory akauliza.

Dominika hakujua kudanganya, na hilo ndilo kosa lake katika maisha yote. Alisema, "Ni mama yake Kija."

"Mama yake Kija si amekufa?"

"Amekufa."

"Na unamlaza chini ya kitanda chako."

"Ndiyo. Mtoto ndiye aliyeniomba."

Kelele zilizofuata sitaki kuzirudia. Debora akasimama, Kija akiwa amemshika sketi. Alisema, "Ndugu zangu, sisi tumehama kwetu kwa ajili ya maneno ya namna hii. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni tu, na watu..." Wakamwambia akae, yeye mgeni. Akakaa. Mtu mmoja nyuma akauliza hayo macho ya sanamu ni nini, Bertha akasema ni ulezi, na Theodory akauliza, bila kumtazama mtu yeyote, ulezi huo umetoka wapi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko. Kichwani nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa. Midomo yenyewe haikufunguka. Niliona nikisema, kesho na mimi nitaitwa mwenzake, na Hellena ataitwa mtoto wa nani?

Dominika alinitazama kidogo. Kisha akatazama pengine ili watu wasifuate macho yake. Alinificha, hata pale.

Theodory akasema kwa sauti ya upatanishi, "Mwalimu, hatukuhukumu. Liponde hilo dude mbele yetu, tuone ni udongo tu. Ukiliponda, watoto wanarudi kesho, yamekwisha."

Watu wakasema hapo sawa. Hata mimi moyo ulitulia, nikasema kimoyomoyo, ponda, Dominika, ponda yaishe, mtoto atafinyanga jingine.

"Siwezi," alisema. "Sikulifinyanga mimi."

"Unakataa?"

"Hapa kuna watoto arobaini niliowaambia hakuna mtu wa kuponda cha mwenzake. Nikiponda mimi, nitawaambia nini?"

Hapo Kija akaiachia sketi ya shangazi yake. Alikuwa na miaka mitano tu, lakini alikuwa ameelewa kwamba watu wazima wote hawa wamemkasirikia mwalimu wake kwa ajili ya mama yake. Alipita katikati ya miguu ya watu hadi kwenye chungu. Dominika akachuchumaa, akamwambia taratibu, "Si lazima, Kija. Hujaambiwa wewe."

Kija akafungua kile kipande cha kitenge, akakifunga tena mkononi mwake. Akachomoa punje moja ya ulezi, akachomoa ya pili. Akaja nazo kwangu, mbele ya watu wote, akaninyooshea mkono, maana alifundishwa kwamba cha kuazima kinarudishwa. Nikapokea. Akarudi, akamlaza mama yake sakafuni, akamponda kwa viganja viwili kama ilivyokuwa kila saa tano na nusu. Hakulia. Alikusanya udongo wote, hata vipande vidogo vilivyoruka, akautia pipani, akaenda kusimama kwa Debora.

Bertha aliyekuwa karibu nami akauliza, "Amekupa nini?"

"Hamna kitu," nikasema, na nikafunga ngumi.

Kesho yake walikuja watoto sita. Wiki iliyofuata lilikuja kufuli. Kufikia Krismasi jengo lilikuwa duka la jumla la Mzee Theodory, rafu zimejaa, mafuta, misumari, biskuti, na mlangoni amening'iniza midoli ya plastiki ya kutoka nje, yenye nywele za kweli na macho ya kufumba na kufumbua. Hellena aliupenda mmoja. Nikamnunulia. Alilala nao chini ya shuka miaka miwili, na hakuna jirani aliyekuja kuniuliza ni wa nani.

Kija hakusema tena muda wote aliobaki kwetu. Debora alimngoja hadi Pasaka, kisha Mayunga akaja kumchukua, akashuka naye Mtowisa. Dominika alikwenda kwa kaka yake Yonas, kijijini Kaoze, akalima mahindi. Nilipanga kwenda kumwomba radhi mara tatu, na mara moja nilifika hadi stendi na kuku mkononi. Nilikwenda alipokufa, mwaka elfu mbili na moja. Yonas alinionyesha kigoda chake barazani. Aliniambia siku za mwanzo dada yake alikuwa akikaa pale na bonge la udongo, akingoja watoto wa jirani wavutike. Hakuja hata mmoja. Neno langu lilitangulia kufika Kaoze kabla yake. "Sijui nani alimzushia," Yonas alisema. "Mwenyewe alikataa kumtaja." Nikamwambia Mungu ndiye anayejua.

Mwaka juzi nilikwenda sokoni kununua mchele. Mwanamke mmoja wa Mtowisa, mtoto mgongoni, alikuwa na mchele mzuri, mweupe, usio na mawe. Alinitazama sana wakati anapima. Mkononi alikuwa amefunga kitambaa ambacho rangi yake ilishakwisha.

"Shikamoo mama," alisema. Sauti ni ileile, nene kidogo. "Wewe si ulikuwa unapika uji Chanji?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

Alichota kwa mkono nyongeza, kubwa, akaimwaga kwenye mfuko wangu, akachota nyingine. Nikamwambia inatosha, mwanangu.

"Chukua, mama," Kija alisema. "Siku zile watu wote walikuwa wabaya. Wewe ndiye uliyenipa macho."

Nilisimama pale na mfuko wazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema ile nusu iliyobaki, hapakuwa na Theodory wala Bertha, palikuwa na yeye na mimi na mtoto wake amelala. Nikamwambia ahsante, nikaufunga mfuko, nikaenda nyumbani.